Suti ya Bwana Hakuna Shida

Sina haja ya kuzunguka: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasani nashika nafasi ya tatu, na bado nilikaribia kuliuza duka la wazazi wangu kwa sababu ya matundu manne ya vifungo.

Baba na Mama walikuwa mafundi cherehani. Kila nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikaingia dukani kuokota pini sakafuni kwa sumaku na kushona vifungo. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na pasi iliyotoa mvuke kama imetukanwa. Humo ndimo tulimopata chakula, viatu na vicheko.

Sasa, sisi watu wa cherehani tuna ugonjwa wetu. Wengine humtazama mgeni usoni. Sisi humtazama kwenye mshono. Kwa hiyo alipoingia bwana mmoja alasiri ile, uso wake sikuuona kabisa. Niliona suti ya kijivu, bitana ya hariri, na kwenye mkono wa koti matundu manne ya vifungo yaliyoshonwa kwa mkono, si kwa mashine, alama ya suti ya bei kubwa.

"Baba," nilinong'ona, "huyu mtu wa maana. Cheki mkono wa koti!"

Baba alicheki, akameza mate. "Hiyo kazi, mwanangu, si ya mchezo."

Mgeni akajitambulisha kuwa mshauri wa uwekezaji na uhamiaji. Akaeleza kwamba kuna nchi ya mbali inayowapa kibali cha ukaazi watu wanaowekeza huko. Sisi tuuze duka, fedha tuziweke kwenye hoteli inayojengwa, na baada ya miezi mitatu familia nzima inahamia.

"Na watoto watapata shule?" Mama aliuliza.

"Hakuna shida."

"Na hoteli isipomalizika?"

"Hakuna shida."

"Na ombi letu likikataliwa?"

"Mama, nakuhakikishia kibali mimi mwenyewe. Hakuna shida! Ila nataka jibu Ijumaa."

Alipotoka tu, Mama akampa jina: Bwana Hakuna Shida. Mimi na Baba hatukucheka. Baba alikwenda kumtafuta mnunuzi wa duka. Mimi nilikwenda shuleni kesho yake nikatangaza kwamba nahama, nikagawa mpira wangu, rula yangu, na hata nafasi yangu ya dirishani.

Jumatano jioni Baba alirudi akitabasamu. Mnunuzi kapatikana.

"Hatuuzi hata sindano," Mama alisema, "mpaka mtu mwingine azisome karatasi hizi. Mtu asiyelipwa na hiyo hoteli."

Alikuwa ameshamtafuta mwanasheria wa mambo ya uhamiaji, tena akaenda kwanza kwenye chama cha mawakili kuhakikisha jina lake limo kwenye orodha yao. Alhamisi tukapanda ngazi hadi ofisini kwake, chumba kidogo kilichojaa mafaili. Mwanamke aliyetupokea alikuwa amevaa sketi ambayo pindo lake limefumuka, uzi unaning'inia.

"Baba," nilinong'ona tena, maana sikuwa nimejifunza kitu, "pindo lake tu limemshinda, mambo yetu atayaweza?"

Mwanasheria akaanza maswali. Fedha mtazitoa wapi? Duka mlilipataje? Hati ziko wapi? Kodi mmelipa? Nani mwingine ana sehemu yake humo? Baba alitokwa na jasho kama anapiga pasi. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mbona yule mwingine hakuuliza yote haya?"

Mwanasheria aliweka kalamu chini, akacheka kwa sauti. "Umeuliza vizuri, fundi mdogo. Kwa nini hakuuliza?"

Akaivuta kompyuta yake karibu.

"Nchi yenye mpango wa kweli lazima ijue fedha yako imetoka wapi," alisema. "Asiyekuuliza hana nia ya kupeleka ombi lako popote."

Akafungua tovuti ya serikali ya nchi ile. Mpango upo kweli, ila hoteli yetu haimo kwenye orodha ya miradi iliyoidhinishwa. Akafungua orodha ya washauri wenye leseni. Bwana Hakuna Shida hayumo.

"Wewe unatuhakikishia kibali?" Baba aliuliza kwa unyonge.

"Hapana, baba. Anayeamua ni serikali yao. Mimi nahakikisha ombi lenu litakuwa la kweli, na ada yangu itaandikwa kwenye mkataba kabla hamjatoa chochote. Na mimi pia nichunguzeni."

Baba alinigeukia. "Mwanangu, nguo tunaikaguaje kabla ya kumpa mteja?"

"Tunaigeuza, tunatazama ndani."

"Basi yule tulimtazama nje tu, mimi na wewe. Aibu yetu sote." Kisha akaangua kicheko mpaka mafaili yakatikisika, na mimi nikaomba sindano nilishone lile pindo papo hapo.

Ijumaa Bwana Hakuna Shida alifika na suti mpya, ya bluu. Baba hakuitazama.

"Tunaomba namba ya leseni yako, barua ya serikali inayoitaja hoteli, na wateja wawili uliowahamisha, tuzungumze nao."

"Aa, mzee, hapo kuna shida kidogo..."

Nilibana kicheko kwa kitambaa cha shati la mteja. Mgeni akapandisha sauti: watu kumi wanaigombea nafasi hii, tunamvunjia heshima, hivi ndivyo maskini wanavyopoteza bahati.

"Wenzenu hawaniulizi haya!" alifoka. "Biashara hii ni ya imani! Nyinyi hamna imani!"

Mama hakusimamisha hata cherehani.

"Imani tulikuwa nayo tangu mwanzo, kaka. Wewe lete karatasi."