Aiskrimu ya Watu Wawili

Ndege ya Dewey Pruitt ilipiga bahari kwa pua, mkia ukasimama juu, ikazama. Luteni Harlan Brandvold alizunguka angani, roho mkononi, mpaka alipoona kichwa kikiibuka. Yu hai! Lakini mtumbwi wake wa mpira ulikuwa umetobolewa na risasi, umelala majini kama shuka. Na kutoka kisiwani, mashua ya adui, Wajapani, ilikuwa inamjia.

Harlan aliishukia akaimiminia risasi zote alizokuwa nazo. Ikageuka, inafuka moshi. Mafuta yaliyobaki yangemrudisha kwenye meli yao ya kubeba ndege, kwa shida. Akamtazama tena mwenzake kule chini.

"Potelea mbali!" akasema, akatua juu ya maji.

Pwaa! Damu ikamtoka puani. Akachomoka na mtumbwi wake, ndege ikaenda zake chini.

"Una wazimu, Luteni?" Dewey akampokea. Paja lake lilikuwa limechanika vibaya. "Huo ni wa mtu mmoja!"

"Basi panda wewe. Mimi sijaoga tangu juzi."

"Tulijua. Meli nzima ilijua."

Harlan alilikaza paja lile kwa mkanda wake. Kisha mchana kutwa akaogelea nyuma ya mtumbwi, akiusukuma mbali na kisiwa, jua likimbabua shingo.

"Maji," Dewey akanong'ona.

"Funda moja. Halafu uongee, usilale!"

Jua lilipoinama Dewey hakujibu tena. Harlan aliendelea kusukuma, akimtukana, akimbembeleza, mpaka manowari moja ndogo ya kwao ikawaona na kuwaokota.

Sasa, manowari zile ndogo hazikuwa na mashine ya aiskrimu. Meli ya kubeba ndege ilikuwa nayo. Kwa hiyo aliyeokota rubani hakumrudisha bure: alidai aiskrimu kwanza. Ila ililipwa kwa rubani aliye hai tu.

Baharia aliyepeleka ujumbe kwa taa kwenye meli nyingine alimkuta Harlan mlangoni kwa daktari, kajifunika blanketi.

"Luteni, niwadai ya wangapi?"

Harlan aliugeukia mlango uliofungwa. Wakasubiri wote wawili.

Mlango ukafunguka. Daktari alikuwa na damu mpaka viwikoni.

"Ya wawili," akasema. "Na huyu wa ndani anataka vanila."

Baadaye Harlan alivalishwa nishani mbele ya maamiri, akasimama bila chozi. Lakini siku ile ya aiskrimu, mbele ya mabaharia wasiomjua, alilia kwa sauti.