Waya ya Njano Peke Yake

Siku zile televisheni zilikuwa bado na kitumbo nyuma, na mtu akitaka kutazama filamu ya kompyuta yake ilibidi atafute waya yenye vichwa vya rangi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, 2012. Maua ya jakaranda yalimwagika barabarani, soko la mtaa uitwao Kenya, katika mji wetu wa migodi, lilinuka vumbi na samaki wa kukaanga, na Ngalula, akiwa nyuma ya meza yake ya waya na rimoti, alimwona mwanaume aliyevaa koti la ngozi katika joto lote lile. Mwanaume huyo alikumbatia kitu kilichofungwa ndani ya kitenge, kama mtu anayempeleka mtoto kwa daktari.

"Mama, samahani. Natafuta fil, waya ya kutia ordinateur ku télé."

"Mama yako nani? Mi niko na miaka makumi tatu."

"Basi, dada."

"Dada, sawa. Fungua mutoto wako nimuone."

Kompyuta ilikuwa imeanguka kutoka juu ya lori. Kioo kilipasuka na spika zilikufa. Uzima ulikuwamo, ila haikuonyesha wala haikusema. Ngalula aliigeuza, akachungulia matundu ya pembeni kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, fundi wa redio.

"Hii tundu ya duara njo inatoa picha. Fil yake haiko hapa, ngoja bantu batoke mpakani, Kasumbalesa. Video gani inakusumbua hivi?"

"Kuna mutu wangu ndani," alijibu, na uso wake ukafungika.

Aliitwa Kasereka, mwana wa Butembo, muuzaji wa maharagwe kwa jumla. Waya ilichelewa wiki tatu. Ngalula alikuwa na nambari yake ya simu, lakini Kasereka alipita sokoni kila siku kuuliza, na jioni akapiga simu kuuliza tena.

"Allô, Madame Fil. Imefika?"

"Bado. Lakini wewe haukupiga juu ya fil."

"Nimepiga juu ya nini basi?"

"Juu ya kusikia sauti yangu. Sema ukweli, Mungu anakusikia."

"Anasikia kabisa, chérie."

"Na ile koti utavua lini?"

"Siku utaniita kwenu kula bukari."

"Utakufa na joto mbele ya ile siku."

Lakini akizima simu alibaki akitabasamu gizani. Alianza kupiga pasi kitenge chake cha kijani chenye ndege weupe, na katika sala zake jina la Kasereka lilifuata majina ya wagonjwa, kisha likayatangulia. Aliogopa pia. Miaka minne nyuma, migodi ilipofungwa, mchumba wake Adrien alikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka, na habari iliyorudi ni kwamba alikuwa na mke tangu zamani. Siku ile Ngalula alipiga magoti akamwambia Mungu kwamba atavumilia yote, ila hatakuwa deuxième bureau, mwanamke wa pembeni wa mume wa mwanamke mwingine.

Waya ilifika wiki ileile redio zilipotangaza kwamba Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Kasereka alikuja mbio, macho mekundu. Ngalula alichomeka kichwa cha njano kwenye televisheni yake ndogo ya kujaribia, na picha ikatokea, bila sauti. Kanisa. Maua. Halafu Kasereka mwenyewe, suti nyeusi, ua jeupe kifuani, na bibi harusi ameshika mkono wake, kichwa amekilaza begani kwake. Walikuwa wakitembea polepole kwenda mbele.

Umeme ukakatika. Soko lote likaguna.

"Njo yeye," alisema Kasereka, machozi yakimtoka. "Jemima wangu. Eko Goma. Tangu juzi nambari yake haiiti."

Ngalula alichomoa waya, akaikunja, akamtia mkononi.

"Mungu amulinde. Na mi, usinipigie tena."

"Nimefanya nini?"

"Hakuna. Enda utafute muntu yako."

Akamgeukia mteja mwingine. Simu yake iliita siku nne, kisha ikanyamaza, naye akajiambia kwamba ndivyo alivyotaka.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, akipanga meza, alikuta pakiti ya plastiki iliyokuja na waya ya Kasereka. Ndani ilibaki waya ya pili, fupi, yenye kichwa cheupe na kingine chekundu. Hiyo ndiyo ya sauti. Njano hubeba picha tu, kila muuzaji anajua, na siku ile alitaka Kasereka aondoke upesi, akasahau. Alikuwa amemuuzia mtu nusu. Kesho yake ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Angeisogeleaje na nusu ya waya ya mtu mfukoni?

Alimaliza ibada, akaenda kwa miguu hadi depo, ghala la maharagwe. Kasereka alikaa juu ya magunia mbele ya televisheni ya kuazima, amekonda, anatazama harusi iliyo kimya.

"Sikuja juu yako," alisema Ngalula. "Nimekuja juu ya waya."

"Sawa, Madame Fil."

Alipiga magoti, akachomeka. Sauti ya mchungaji ikajaa chumba: "Nani anamutoa huyu binti?"

Na sauti ya Kasereka ikajibu: "Ni miye, kaka yake, ku nafasi ya baba yetu."

Kijana mrefu mwenye miwani, aliyekuwa akingoja mbele, akaja akapokea mkono wa bibi harusi. Kisha karamu, na Jemima ameshika maikrofoni, anacheka: "Yaya Kasereka, kaka yangu, siku yako ikifika, wimbo wa kwanza ni miye nitaimba. Hata nikuwe mbali namna gani." Akauimba palepale, ule wanaowaimbia maharusi kwao.

Ngalula alibaki magotini.

"Dada yako."

"Dada yangu. Ulifikiri nani?" Alimtazama, akaelewa. "Eh. Ulifikiri niko na bibi, na kila siku nakuja kukuuliza fil?"

"Banaume banafanyaka hivyo."

"Banafanyaka, ni kweli. Rudisha nyuma kidogo. Nilitaka kumusikia tu."

Walimsikiliza mara nne. Jua lilikuwa limefika mlangoni Ngalula aliposimama akipangusa kitenge.

"Jumapili ijayo, kuja kwetu," alisema. "Kuna bukari. Koti uache huku."

Walifunga ndoa mwezi wa sita. Goma ilikuwa imerudi kwa serikali, mitandao imerudi, ila nambari ya Jemima haikuita kamwe. Ulipofika wakati wa dada wa bwana harusi kuanzisha wimbo, kila mtu akatazama kiti chake kitupu. Ngalula aliinuka katika gauni lake jeupe, akapiga magoti mbele ya televisheni iliyoletwa, akachomeka mwenyewe: njano, nyeupe, nyekundu.

Jemima akaanza kuimba, na kina mama wa Butembo wakamwitikia.