Finya Anayesikia

Ubaya ulianza na kiatu. Wembe alikuwa kwenye cherehani yake mchana, anashona kola ya sare ya shule, mguu wake wa kushoto ukaruka, ukakakamaa, ukatetemeka, kisha ukatulia. Hilo halikuwa jambo. Tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la wapaka rangi akaumia uti wa mgongo, miguu yake, isiyosikia hata maji ya moto, ilikuwa na tabia ya kurukaruka bila kumwomba ruhusa. Lakini alipoinama kuokota kiatu kilichomtoka mguuni, alikuta kamba zake zimefunguliwa taratibu mpaka tundu la mwisho. Mguu uliokakamaa unaweza kurusha kiatu. Haujui kufungua kamba.

"Wifi!" akaita. "Nani amechezea kiatu changu?"

Wifi yake, mke wa kaka yake, mtu aliyekuwa na hofu kama wengine walivyo na mafua, akachungulia kutoka jikoni. "Mimi niko na vyombo huku. Hiyo miguu yako hata kuitazama naogopa."

"Basi kaogope hukohuko."

Jina la Wembe hakupewa bure. Alikuwa ameweka kikanyagio cha cherehani juu ya meza, akikibonyeza kwa kiwiko, na alimdharau kila aliyekuja kumpa pole kabla ya kumpa kitambaa. Mtu mmoja tu alimsikiliza tangu ajali: mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, aliyemwambia kwamba mguu ukiruka kuliko kawaida usiulaani, uulize. Huenda soksi imejikunja, au kibofu kimejaa, au kuna kidonda. Mwili unapiga kelele kwa maumivu ambayo kichwa hakikuletewa habari zake.

Basi akauliza. Akakagua soksi, mpira wa mkojo, ngozi ya visigino. Hakuna kitu. Miguu ikazidi kuruka, na kila iliporuka ilitanguliwa na harufu ya nywele zilizoungua. Kisha wifi, akimsaidia kuoga, akaangusha kopo la maji. Kwenye mashavu ya miguu kulikuwa na alama za vidole, nyembamba, ndefu kupita kiasi, zimevilia damu kwa kufinywa.

"Wifi," akanong'ona, "hii miguu ina mtu."

"Mwambie aitembeze," Wembe akajibu. Ila safari hii alijifunika khanga haraka.

Kaka mtu, ambaye hakuwahi kuwa na wazo ambalo mkewe hajalitafuna kwanza, alimleta mganga. Mganga aliingia na miwani myeusi na manukato ya kuua nzi. Akaitazama miguu kwa umbali wa kutosha, akatikisa kichwa.

"Jini limeigeuza miguu hii nyumba yake. Tutaifunga, likose pa kuchezea. Halafu tunaifukiza, linatoka."

"Miguu hii iliuawa na jukwaa bovu," Wembe akasema. "Wewe hata kwenye kiti umekaa vibaya, utanitolea mimi jini?"

"Mnasikia? Si yeye anayesema."

"Ni mimi! Kaka, usithubutu kushika hiyo kamba."

Kaka akaishika. Alikwepa macho ya dada yake, akamfunga miguu kwenye kiti cha magurudumu kwa mafundo ya mtu anayefunga mbuzi, mganga akasogeza karai la makaa na majivu chini ya nyayo zake, wifi akitazama kutoka mlangoni.

Harufu ya nywele ikaingia, ingawa mlango ulikuwa umefungwa, na Wembe akaona misuli ya mapaja ikijivuta chini ya kamba kama kitu kinachotaka kupiga kelele na kimezibwa mdomo, jasho likamtoka usoni, kichwa kikaanza kumgonga, akajua kwamba kuna kitu kinamuumiza huko chini na yeye hasikii, akasema fungueni, naungua, fungueni, na mganga akazidi kupuliza makaa, na kaka akazidi kutazama ukuta, mpaka wote wanne wakaona fundo la kwanza linalegea lenyewe, taratibu, kisha la pili, kama linalofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Kamba ikaanguka. Miguu yote miwili ikaruka kwa pamoja, karai likapaa, makaa yakamwagika kifuani kwa mganga na majivu yakatanda sakafuni.

Katika majivu, mbele ya kiti, kulikuwa na alama za magoti mawili.

"Mungu wangu," wifi akanong'ona. "Amepiga magoti."

Hapo Wembe akaelewa. Jini halikuwa ndani ya miguu. Lilikuwa miguuni pake, limechuchumaa siku zote hizo, likifinya. Na miguu, maskini, ilikuwa ikimwita kwa njia pekee iliyobaki nayo. Hofu yote ikageuka dharau.

"Kumbe ni wewe," akayaambia majivu. "Nilidhani nimevamiwa na kitu kikubwa. Umeona ulimwengu mzima wenye watu, ukachagua nyama isiyosikia, tena kwa kujificha chini ya meza ya fundi nguo! Hata majini yana takataka zake. Kama wewe ni wa kutisha kweli, finya anayesikia."

Kisha majivu yakaburuzwa, goti moja, goti la pili, kuelekea kwa mganga. Mganga akapiga ukelele, akashika shavu la mguu, akatoka mbio bila miwani. Alama zikamfuata mpaka kizingitini.

Wiki hiyo watu walisema mganga anaonekana akitembea huku anajipiga miguu kwa fimbo. Wembe alicheka, na hakuona aibu. Malengelenge ya nyayo yalichukua muda kupona. Kaka yake alikuja kuomba radhi, ameishika ile kamba mkononi.

"Kaanikie nguo," Wembe akamwambia, akaendelea kushona.

Jioni moja mguu wa kulia ukaruka tena kwa nguvu. Wifi akaganda mlangoni, sahani mkononi.

"Wifi... ni yeye?"

Wembe akanusa. Hakuna harufu. Akainama, akapapasa, akakuta bendeji imebana. Akailegeza, akalikandamiza goti kwa viganja viwili mpaka mtetemo ukaisha.

"Hapana," akasema. "Huyu ni mimi."