Nyapara Mwenye Spana Mfukoni

Jioni za Kabazi zilikuwa tulivu mwaka ule wa 1956. Pareto ilichanua nyeupe hadi ukingoni mwa mlima, na injini ya kukaushia maua ilinguruma kama paka aliyeshiba. Fundi wake, Khaemba, alikuwa na ufundi wa ajabu, ndugu zangu. Aliuma kijiti, akagusisha ncha yake kwenye chuma, akasikia kwa meno kinachougua ndani. Watu husema aliwahi kusikia chawa akikohoa ndani ya injini. Mimi nasema walikuwa chawa wawili, na mmoja alikuwa na kifua kikuu.

Mzungu mwenye shamba akamfanya nyapara wa mafundi wanne. Akampa koti la kaki na filimbi, akamwambia kazi yake sasa ni kuongoza. Lakini spana hazikutoka mfukoni. Fundi Kipkoech akishika boliti, Khaemba alimsogeza kando. "Leta hapa, utaiharibu." Mafundi wakajifunza kuota jua, naye akawa anarudi nyumbani amechoka hata analala na viatu.

"Baba yangu anaumwa sana kule Kimilili," mkewe Nasimiyu akamwambia. "Ana neno, na anataka kukuambia wewe mwenyewe. Jumamosi tupande gari moshi."

"Tutaenda."

"Mwezi jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwezi jana mkanda wa injini ulikatika, mama Makokha."

"Na mafundi wanne walikuwa wapi?"

Khaemba alikuwa ameshalala.

Jumamosi, lori la maziwa liliwangoja kuwapeleka stesheni ya Nakuru. Nasimiyu alikuwa juu tayari na kikapu chake. Injini ikanyamaza.

"Kipkoech, umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, mzee. Lini uliniacha niiguse?"

"Basi itengeneze."

"Kwa kucha? Spana ziko kwenye koti lako."

Mkono wa Khaemba uliingia mfukoni. Angeweza kuzitoa, akampa, akapanda lori. Badala yake akavua koti, akaiinamia injini mwenyewe.

"Dakika kumi tu," akamwambia mkewe.

Nasimiyu alimgongea dereva paa, lori likaondoka.

Dakika kumi zikawa saa tatu. Khaemba alipofika stesheni, gari moshi lilikuwa limeshapanda kuelekea Molo, na lililofuata lilikuwa la Jumanne. Mkwewe alifariki Jumatatu, akaenda na neno lake.

Nasimiyu alirudi baada ya miezi miwili. Akamkuta Kipkoech ameinamia injini, kijiti mdomoni, spana mkononi. Khaemba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, mmoja umeushika mwenzake kama askari aliyemkamata mwizi.

"Sikia kwanza," alikuwa akisema. "Halafu ukaze."

"Kumbe inawezekana," Nasimiyu akasema.

"Inawezekana."

"Baba aliuangalia mlango Jumapili nzima."

Khaemba hakuwa na la kutengeneza hapo.

Funzo

Ukipewa watu wa kuongoza, wape na spana siku hiyo hiyo. Kufundisha kunachosha, sikatai, na mwanafunzi atavunja boliti mbili tatu. Lakini nyapara anayeng'ang'ania kila kazi huwanyima wenzake ufundi, na wa nyumbani kwake ndio wanaomkosa.