Mshumaa Uliobaki Jikoni

Kila asubuhi mama mkwe wangu, Philomène, alishuka kwenye ghala la chini ya nyumba kugeuza jibini zilizokuwa zikikomaa humo. Ghala hilo lilichimbwa katika mwamba mweusi wa mlima. Alishika mshumaa, lakini hakuuinua. Aliushusha karibu na miguu. Tulimcheka, tukasema anatafuta panya.

Mwaka 1951 umeme ulifika kijijini. Mume wangu, Antonin, akaweka balbu ghalani, kisha akaziba tundu la hewa kwa saruji ili panya wasiingie. Mama mkwe aligomba, akasema mlima bado unapumua na tundu liachwe wazi. Shemeji yangu Gaspard alikuwa amerudi kutoka jeshini, kisiwani Réunion. Huko aliona volkano ikitema moto.

"Ule ndio mlima, mama," alisema. "Huu wenu ulikufa zamani. Maiti haiumi mtu."

Mshumaa ukabaki jikoni.

Baada ya mvua za Oktoba, Antonin alishuka kuchukua jibini ya kupeleka sokoni. Alikawia. Nilimwita, hakujibu. Nilipochungulia, alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi, na balbu inawaka vizuri. Nikapiga kelele. Gaspard alitaka kushuka, lakini jirani yetu Blandine, mfanyakazi wa bafu za chemchemi za maji moto za mlimani, akamkamata koti.

"Niachie, ni kaka yangu."

"Ukishuka, mama yako atazika wawili."

Aliwasha mshumaa, akautia ndani ya ndoo, akaishusha kwa kamba. Haujafika chini, ukazimika. Gaspard akaketi mlangoni akalia. Wazimamoto walikuja na mitungi ya hewa mgongoni. Walimtoa Antonin amekwisha kufa.

Blandine alitueleza jikoni. Mlima wetu hautemi moto tena, lakini bado unatoa gesi. Huioni, wala haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, basi hutuama chini kama maji, ikazima mshumaa na pumzi ya mtu. Mvua ikilowesha ardhi, gesi hukosa njia ya kutokea juu, ikapenya ghalani, na tundu likizibwa haina pa kutokea.

"Na mshumaa usipozimika?" niliuliza.

"Hiyo si ruhusa. Fungua hewa kwanza, ungoje. Usishuke peke yako. Mtu akianguka usimfuate, ita wazimamoto."

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingekuwa guu tu.

Gaspard alivunja saruji ile kwa nyundo. Akaongeza tundu la pili. Mwezi wa Februari theluji iliyafunika yote mawili. Alishusha mshumaa, ukazimika. Akarudi nje, akafagia theluji, akaacha mlango wazi. Siku hiyo tulikula supu bila jibini, wote watatu, wazima.

Mama mkwe hajawahi kusema, "Niliwaambia." Natamani angesema, niumie mara moja yaishe.

Balbu bado ipo ghalani. Siku ile Antonin alipokufa, haikuzimika hata kidogo.