Fyuzi Mfukoni mwa Koleo

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme tunayemwita Koleo, mtu asiyeogopa chochote isipokuwa mkewe.

Bibi mmoja mjane alimwita amtazamie oveni. "Inawaka yenyewe, mwanangu."

Koleo alicheka moyoni. Nyaya zimegusana tu, akajisemea. Kama kawaida yake, alichomoa fyuzi ya nyumba akaitia mfukoni mwa shati, mtu asije akamwashia umeme mikono ikiwa ndani. Jikoni kukawa giza mchana kweupe, maana bibi hafungui mapazia. Akawasha tochi, akafungua mgongo wa oveni na kugusisha testa kwenye kila waya. Umeme hakuna. Na koili, ile inayotoa joto, ilikuwa imekatika vipande viwili na kushika kutu.

"Bibi, hii haijawaka miaka. Wala haiwezi kuwaka."

"Basi mkate wa leo asubuhi," bibi aliuliza taratibu, "kauoka nani?"

Ndipo Koleo akasikia tik, tik, tik, sauti ya bati linalopata moto. Taa ya ndani ya oveni ikawaka. Halafu kifua chake kikaanza kuungua.

Alitoka mbio, vifaa vyote akaviacha palepale. Msiniulize ilikuwaje, sijui.

Jana alinifungulia shati. Upande wa moyo ana alama ya kuungua, ndefu na nyembamba kama fyuzi. Ni mwaka wa pili sasa. Niliigusa kwa kidole, nikakirudisha upesi.

Bado ni ya moto.