Tangazo la Tatu

"Baba Goodness, umemwandikia nini katekista?"

Bujiku alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Tumeishi pamoja miaka ishirini na mbili bila ndoa ya kanisani, na sasa matangazo yetu ya ndoa yalikuwa yameshasomwa Jumapili mbili hapa parokia ya Ngokolo. Likabaki moja. Ndipo mwanaume huyu akaamua kuona aibu!

Nikamsomea ujumbe, maana katekista alikuwa amenirushia: "Mwalimu, usisome tangazo la tatu. Generosa atafute mwanaume mzima."

"Mzima yupi? Nikamtafute wapi?"

"Si ulimsikia daktari?" Sauti yake siku hizi ni ndogo, maneno yanashikana. "Mwili utaachia kiungo kimoja kimoja. Leo mkojo unanitoka bila taarifa. Kesho nitapaliwa na uji. Keshokutwa sauti nayo inakwisha. Rudi kwenu Ushirombo, mama."

Nililia, sifichi. Miaka miwili nyuma alianza kudondoka kila akisimama, kule Geita kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Wenzake wakasema ni gongo. Na mimi mkewe nikawa namnusa mdomo kila jioni, nikamnunia miezi minne mizima. Kumbe presha ilikuwa inashuka ghafla akiinuka.

"Nilikuita mlevi mbele ya dada yako Masalu," nikamwambia. "Mbona hukunifukuza siku ile?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Na leo?"

Mkono wake ukautafuta wangu juu ya blanketi.

"Leo zaidi. Ndiyo maana nakufukuza."

"Basi umeshindwa. Siondoki. Nataka uniapie kwa sauti yako mwenyewe, Bujiku, kabla haijakwisha. Hicho tu ndicho ninachokudai."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamkalisha taratibu, miguu chini, tukasubiri kizunguzungu kipite. Kisha nikampa simu. Vidole vilimsumbua, maneno mawili yakamchukua dakika tano.

"Mwalimu, soma."

Siku ya ndoa kanisa lilijaa. Padre akasema, "Maharusi, simameni."

Bujiku akaanza kujiinua. Nikamshika bega, nikakaa naye kwenye benchi na gauni langu jeupe.

"Padre, sisi tutaapa tumekaa."

Padre akasogea, akainama. Bujiku akavuta pumzi, akaanza. Alitamka neno moja moja, jasho likimtiririka, hakuruka hata moja. Alipofika kwenye magonjwa na afya akanitazama, akatabasamu, akaendelea. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale.

Wifi yangu Masalu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma:

"Padre, huku hatujasikia! Arudie!"

Nikageuka na shela langu.

"Wifi, hajakuapia wewe. Mimi nimesikia."